Mikono ya Mama si Mkanda wa Gari



Ukikaa nusu saa tu katika stendi ya Tunduma utalisikia neno hili mara nyingi: "Mama, mpakate mtoto." Konda halisemi kwa ubaya. Gari lina viti vichache, abiria ni wengi, na mtoto wa miaka minne akikaa kwenye kiti chake mwenyewe inabidi alipiwe nauli. Akipakatwa, anasafiri bure. Mama anaokoa shilingi zake, konda anapata abiria mwingine, na wote wawili wanaona wamesaidiana. Katika mapatano hayo yuko mmoja ambaye hakuulizwa, na gari likipata ajali ndiye atakayelipa gharama yote. Huyo ni mtoto.

Makala hii inatetea jambo moja. Kumfunga mtoto mkanda, kumkalisha mahali panapomfaa ndani ya gari, na kukataa kupanda gari lililojaa kupita kiasi si mambo ya wazungu, wala ya matajiri, wala ya kumwogopa trafiki. Ni sehemu ya amri ya tano ya Mungu. Na kwa kuwa ni sehemu ya amri ya tano, parokia, jumuiya na sisi mafrateri hatuna ruhusa ya kuwaachia askari wa usalama barabarani peke yao.

Mji unaoishi barabarani

Tunduma haikujengwa kando ya barabara tu. Inaishi kwa barabara. Barabara kuu ya TANZAM inaanzia Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, inapita katikati ya mji na kuvuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia. Shehena nyingi inayoshushwa bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita mlangoni petu, na shaba hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kilijengwa ili kuharakisha uvukaji, lakini foleni ya malori bado ni sehemu ya maisha ya Tunduma. Watoto wa Mpemba na Chapwa wamekua wakijua kupita kati ya matela kama vile watoto wa vijijini wanavyojua kupita kati ya mashina ya kahawa.

Katika barabara hiyo, gari dogo lililojaa familia linagawana njia na lori ambalo, likiwa na mzigo wote unaoruhusiwa kisheria, linaweza kufikia tani 56. Safari ya kwenda Mbeya kupitia Vwawa, Mlowo, Songwe, Mbalizi na Iwambi ina miteremko ambayo kila dereva wa ukanda huu anaifahamu kwa jina. Mwezi Juni 2024 lori liliyagonga magari ya abiria pale Simike, jijini Mbeya, na zaidi ya watu kumi wakapoteza maisha. Wengi wetu tulikuwa tumepita hapo wiki hiyo hiyo, au tulikuwa tunajiandaa kupita.

Taifa zima linaikumbuka pia tarehe 6 Mei 2017. Siku hiyo basi lililokuwa limewabeba wanafunzi wa shule ya msingi ya Lucky Vincent ya Arusha, waliokuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema, lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walionusurika ni wanafunzi watatu tu. Majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na nchi nzima ikalia. Tulilia kweli. Lakini machozi yakikauka, ni lazima tujiulize ni nini kimebadilika katika namna tunavyowapakia watoto kwenye magari yetu.

Na si Tanzania peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Katika umri huo ajali huua kuliko ugonjwa wowote tunaoufanyia kampeni na novena.

Hesabu ya magunia

Mama anayempakata mwanae anaamini kwamba mikono yake inatosha. Upendo wake hauna shaka, na wala hauhitaji kufundishwa na mtu. Shida iko kwenye hesabu.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi, likigonga kitu na kusimama ghafla, watu waliomo ndani hawasimami nalo. Wanaendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka kitu kiwazuie. Nguvu ya mgongano huo kwa mwili wa mtu ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, urefu huo unakuwa kama mita 25. Mnara wa kanisa la parokia nyingi hauufikii.

Sasa mchukue mtoto wa kilo 10, ambaye mama anambeba mgongoni kutwa nzima bila kuchoka. Gari likisimama ghafla kutoka kilomita 50 kwa saa, ndani ya umbali wa nusu mita, nguvu inayohitajika kumzuia mtoto huyo asiruke ni kama kushikilia kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi. Wakulima wa Mbozi na Momba wanajua uzito wa gunia moja na wanajua linahitaji wanaume wangapi kulipandisha kwenye gari. Mama anatakiwa ayadake mawili, kwa mikono mitupu, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna mama aliyeumbwa hivyo.

Iko habari mbaya zaidi. Ikiwa mama mwenyewe hajafunga mkanda, mwili wake wa kilo 60 unakuwa na nguvu ya zaidi ya tani moja, na kati yake na kiti cha mbele yuko mtoto. Yule aliyetaka kuwa ngao anageuka nyundo. Na kama amefunga mkanda lakini amemzungushia na mtoto ndani yake, mambo ni yale yale, kwa sababu mkanda unamshika mtoto na uzito wa mama unambana kutoka nyuma.

Ndiyo maana kiti cha mbele, karibu na dereva, ambacho kwa heshima tunampa mama mwenye mtoto mchanga, ndicho mahali pabaya kuliko pote pa kumkalisha. Mbele kuna kioo na dashibodi, na katika magari mengi kuna mfuko wa hewa uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, unaofumka kwa nguvu inayoweza kumuua mtoto mdogo. Desturi ile ilitokana na upendo, lakini ni vizuri ikabadilishwa kwa upendo huo huo.

Mkanda unasaidia kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linasema kuufunga hupunguza hatari ya kufa kwa aliyemo ndani ya gari hadi nusu, na kwamba kiti maalumu cha mtoto hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia karibu 70. Mkanda huu wa sehemu tatu, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi Msweden, Nils Bohlin, aliyekuwa akifanya kazi Volvo. Kampuni hiyo ingeweza kuuficha nyuma ya hakimiliki na kuwauzia wengine kwa bei ghali, lakini iliacha watengenezaji wote wautumie. Zawadi hiyo imo ndani ya magari yetu mengi yaliyotumika yanayotoka Japani, hata viti vya nyuma. Sisi tunafanya nini nayo? Tunaishindilia chini ya kiti, kisha tunashonea juu yake kava zuri la maua.

"Kazi ya Mungu haina makosa"

Katika kila msiba wa ajali utasikia sentensi mbili. Ya kwanza ni "ajali haina kinga", na ya pili ni "kazi ya Mungu haina makosa". Ya pili ni kweli tupu, na imewasaidia wafiwa wengi kusimama wima siku ambayo magoti yao yamekataa. Sitaki kuinyang'anya familia yoyote faraja hiyo mbele ya kaburi.

Lakini kuna tofauti kati ya faraja ya aliyefiwa na kisingizio cha aliyezembea. Kazi ya Mungu haina makosa. Kazi ya dereva aliyepita lori kwenye kona ina makosa. Kazi ya mwenye gari aliyepeleka barabarani tairi lililokwisha ina makosa. Kazi ya sisi tuliobanana watu 22 ndani ya gari la watu 14, tukamhimiza dereva aongeze mwendo kwa sababu tumechelewa, nayo ina makosa. Tukimbebesha Mungu hayo yote, hatumtukuzi. Tunamsingizia.

Maandiko Matakatifu yanalifahamu jambo hili tangu zamani. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 aya ya 8, kuna amri ndogo ambayo wengi tunaipita haraka. Mwisraeli aliyejenga nyumba mpya aliagizwa kuweka ukuta kuzunguka dari yake. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari tambarare, na watu waliitumia. Rahabu alianika kitani huko juu, na Petro alipanda huko kusali. Mtu angeweza kuanguka. Kwa hiyo mwenye nyumba aliambiwa aweke ukuta, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake.

Tuitazame vizuri amri hiyo. Mungu hamwambii mwenye nyumba asali ili mtu asianguke, ingawa sala ni njema. Hamkubalii ajitetee kwamba hakumsukuma mtu. Anamwambia ajenge kinga kabla mtu hajaanguka, na asipoijenga, damu inahesabiwa kwake. Hiyo ndiyo amri ya tano ikiwa kazini. Usiue maana yake pia ni kwamba usimwache mwenzako aanguke mahali ulipoweza kuweka ukuta. Katika dari zetu za leo zenye magurudumu manne, ukuta huo ni mkanda.

Wapo watakaosema, "Mimi nina imani, Mungu ananilinda." Tazama magari yetu. Kwenye kioo cha nyuma kumeandikwa kwamba Mungu ndiye dereva, rozari inaning'inia mbele, na mikanda imefichwa chini ya viti. Tukumbuke kwamba Yesu alijaribiwa kwa hoja hii hii. Juu ya kinara cha hekalu, mjaribu alimtolea zaburi inayosema habari za malaika wanaolinda, akamwambia ajitupe chini. Bwana alikataa, akasema kwamba huko ni kumjaribu Mungu. Imani haimtumi Mungu afanye kwa muujiza kile alichokwisha kutupa mikono na akili ya kukifanya.

Naye Mtakatifu Yosefu anatuonyesha njia. Baba wa mbinguni angeweza kumzungushia Mwanae majeshi ya malaika pale Bethlehemu. Badala yake alimwonya Yosefu katika ndoto, naye akaamka usiku ule ule, akamchukua mtoto na mama yake, wakaondoka. Mungu alimlinda Mtoto kwa kupitia baba aliyesikia onyo na kulifanyia kazi mara moja. Hajabadilisha utaratibu wake kwa watoto wa Tunduma.

Kanisa limekwisha kusema

Pengine kuna msomaji anayeona kwamba mada hii ni ya jukwaa la polisi kuliko la seminari. Kanisa halioni hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 30, uliwataja kwa uchungu wale wanaodharau sheria za mwendo wa magari bila kujali kwamba wanahatarisha maisha yao na ya wenzao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inasema wanaohatarisha usalama barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi wana hatia nzito. Na mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia uchungaji wa wahamiaji na watu wanaosafiri lilitoa mwongozo mzima juu ya uchungaji wa barabarani, likaweka humo hata amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ile ile ya Sinai, usiue.

Sisi tunaosoma maadili darasani tunafundishwa na Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba fadhila ya busara ina sehemu zake, na miongoni mwake ni kuona mbele, kuangalia mazingira na kuwa na tahadhari. Ni rahisi kuzitaja siku ya mtihani. Ni kazi kuziishi ukiwa umekaa kiti cha mbele na dereva anakunywa pombe kwenye mteremko.

Kila mwanzo wa Misa tunakiri kwamba tumekosa pia kwa kutotimiza wajibu. Nani kati yetu amewahi kuyaleta haya kwenye kitubio? Konda anaposema "inameni, kuna trafiki mbele", waliosimama wote huinama, na katika gari hilo hukosekana hata mmoja wa kuuliza kwa nini. Mwalimu, mkulima, mfanyabiashara na mwanakwaya wote wanainama. Gari zima linasema uongo kwa mgongo mmoja, na watoto wanaangalia na kujifunza. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Zinazotukwamisha

Sababu za kutofunga mkanda zinajulikana, na zinastahili majibu ya heshima.

Wengi huogopa kwamba mkanda utamnasa mtu gari likiwaka moto. Hofu hiyo inaeleweka katika barabara inayopitisha malori ya mafuta. Lakini ili mtu ajiokoe kwenye moto ni lazima awe na fahamu zake. Aliyefunga mkanda ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki macho, akabonyeza kitufe na kutoka. Aliyerushwa kichwa kwenye kioo hawezi kukimbia moto wala kumtoa mwanae.

Wengine husema, "Naenda hapo tu, kanisani." Lori lililofeli breki haliulizi kama umetoka Sogea au umetoka Sumbawanga.

Sababu nzito kuliko zote ni umaskini. Kiti maalumu cha mtoto ni ghali, na familia nyingi hazina gari. Zinapanda Hiace, Noah, bajaji na bodaboda, na magari mengine hayana mkanda hata mmoja unaofanya kazi. Hili ni kweli, na yeyote anayemhubiria mama wa Chipaka juu ya kiti cha mtoto bila kulijua anapoteza muda wake. Lakini umaskini haujatunyang'anya kila kitu. Kumkalisha mtoto nyuma badala ya mbele hakuna gharama. Kuitoa mikanda iliyofichwa chini ya kava hakuna gharama. Kumwambia dereva "kaka, punguza mwendo, tuna watoto humu" hakuna gharama ya fedha. Kuna gharama ya aibu tu, kwa sababu abiria wengine watakucheka na kukuambia ununue gari lako. Hapo ndipo watu wawili au watatu wa jumuiya moja wanapohitajiana. Sauti moja huchekwa, lakini sauti tatu husikilizwa.

Tuwe wakweli pia kuhusu sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973. Kwa miaka mingi wadau, wakiwamo wanasheria wanawake wa TAWLA na waandishi wa habari wanawake wa TAMWA, wamekuwa wakiomba irekebishwe ili iwalinde vizuri abiria wote na hasa watoto. Waumini wana haki na wajibu wa kuwaunga mkono na kuwauliza wabunge wao. Lakini mwenye nyumba wa Kumbukumbu la Torati hakungoja askari ndipo ajenge ukuta.

Tuanzie nyumbani kwetu

Kabla ya kunyoosha kidole stendi, tutazame uwanja wa kanisa. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanapokwenda hija au sherehe ya upadrisho, wanabebwaje? Mara nyingi wamesimama nyuma ya Fuso, wamevaa sare safi, wanaimba. Kwaya inarudi usiku kutoka tamasha ikiwa imebanana ndani ya Coaster moja ili kupunguza michango. Tunapompokea Baba Askofu, vijana wetu wanaongoza msafara kwa bodaboda, watatu watatu, bila kofia ngumu, honi zikilia. Tunayafanya haya kwa furaha na kwa nia njema. Lakini mtoto aliyekabidhiwa kwa parokia saa kumi na mbili asubuhi anapaswa kurudishwa kwa mama yake jioni, na furaha haimpunguzii mtu wajibu huo.

Napendekeza mambo matano, yote yanawezekana Tunduma na popote.

Kwanza, Halmashauri ya Walei ya kila parokia iamue kwamba hakuna safari ya watoto itakayofanyika kwa lori au kwa gari la wazi, na kwamba idadi ya watu haitazidi idadi ya viti. Fedha zikitosha viti 30, waende 30, wengine waende mwaka ujao. Kila safari iwe na mtu mzima aliyepewa mamlaka ya kumsimamisha dereva.

Pili, jumuiya ndogondogo zianzishe kiti cha jumuiya. Tunachangishana kwa ajili ya jeneza, sanda na Fuso la kupeleka msiba. Tunaweza kuchangishana kununua kiti kimoja cha mtoto, kitakachokaa kwa mwenyekiti na kuazimwa na kila mzazi wa jumuiya anayesafiri kwa gari la kukodi au la ndugu. Mtoto mchanga anakaa akitazama nyuma, na afadhali akae hivyo kwa muda mrefu iwezekanavyo. Akikua, kiti kinahamia kwa mtoto mwingine. Sharti ni kwamba kiti kilichowahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali kisitumike tena, kwa kuwa kinaweza kuwa na nyufa zisizoonekana.

Tatu, mafundisho ya ubatizo na ya ndoa yawe na nusu saa ya jambo hili. Wazazi wafundishwe kwamba mkanda wa kiunoni unapita juu ya nyonga na si juu ya tumbo, na wa begani unapita kwenye mtulinga na si shingoni. Wajue kwamba mtoto ambaye hajafikia kimo cha sentimita 135 hadi 150 huwa bado mdogo kwa mkanda wa mtu mzima, na anahitaji kiti cha kumwinua. Wajue pia kufunga kufuli la watoto la mlango wa nyuma, kutomwacha mtoto ndani ya gari lililofungwa juani, na kulizunguka gari kabla ya kurudi nyuma. Baada ya Misa uwanja wa kanisa hujaa watoto wafupi kuliko buti ya gari.

Nne, dereva au mzazi anapoleta gari libarikiwe, padre aombe kwanza kuiona mikanda. Kitabu cha Baraka kina ibada ya kubariki vyombo vya usafiri, na baraka ni ombi linalomtaka mwenye gari naye awe chombo cha ulinzi wa Mungu. Ikiwa mikanda iko chini ya kava, dakika tano za kuitoa zitakuwa sehemu nzuri ya ibada.

Tano, linatuhusu sisi mafrateri. Kesho tutakabidhiwa magari ya parokia, na Jumapili tutakimbia kati ya vigango vitatu tukiwa na usingizi na njaa, huku bibi mmoja na wajukuu wake wakiomba lifti. Tabia hazianzi siku ya upadrisho. Anayepanda gari leo bila mkanda, akacheka anapoambiwa aufunge, hataweza kumkanya muumini wake kesho. Tuanze sasa, katika safari za likizo na za kichungaji, kuwa abiria wanaofunga mkanda bila kuambiwa na wanaosema neno kwa upole gari linapokwenda vibaya.

Tarehe 25 Julai kwa mapokeo ni siku ya Mtakatifu Kristofa, mwombezi wa wasafiri. Mapokeo yanamchora akivuka mto na Mtoto Yesu mabegani, maji yakipanda, mzigo ukizidi kuwa mzito, naye akikaza mikono hadi ng'ambo. Parokia ya Tunduma, na kila parokia iliyo kando ya barabara hii, inaweza kuitumia siku hiyo kukagua magari ya waumini wake mmoja mmoja, kuitoa mikanda iliyofichwa, na kuwapongeza hadharani madereva wanaowabeba watoto vizuri. Tukiweza kuifanya mwaka mmoja, mwaka wa pili watu watakuja wenyewe. Na mama atakapoambiwa tena stendi ampakate mtoto, awe na jumuiya nyuma yake inayomsaidia kujibu, "Hapana kaka, huyu ana kiti chake," na inayomchangia nauli ya kiti hicho pale inapobidi.